Mjomba alinyimwa leseni kimyakimya, kalenda ikammaliza

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa tawi, Jumapili iliyopita. Tumeyachapa kama alivyoyasema.)



Mwenyekiti aliponiita alisema nije nizungumze kuhusu vijana na pombe. Najua alitegemea nije kuwakemea muache kunywa. Samahani sana, Mwenyekiti. Kazi hiyo wanayo mashehe na wachungaji, na wanaifanya vizuri kuliko mimi ambaye jana usiku mlinikuta wapi mnajua wenyewe. Mimi nimekuja kuzungumzia pombe kabla haijafika mezani. Nataka kuizungumzia ikiwa bado kwenye kreti, ndani ya stoo ya jumla, na juu ya ukuta wa stoo hiyo kumebandikwa karatasi moja yenye muhuri wa serikali. Karatasi hiyo ndiyo shughuli.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuwa kama yalivyokuwa, tusifukue makaburi. Mjomba wangu akanichukua nikafanye kazi kwake. Alikuwa na stoo ya bia ya jumla, si kubwa, fremu mbili zilizotobolewa ukuta katikati, na pikapu moja iliyochoka. Tulikuwa vijana watatu. Asubuhi tunapakia, mchana tunazungukia grosari na baa, jioni tunarudi na chupa tupu. Faida kwa kreti ni kidogo mno, lakini kreti zikiwa nyingi kidogo hicho kinalisha watu. Kilinilisha mimi, kilimlisha mama yangu, na kililipa ada ya binamu zangu wawili.

Wakati ule leseni ya vileo ilikuwa ya miezi sita. Ikiisha unaomba upya. Mwaka 2020, kuelekea uchaguzi, Mjomba aliazimisha viti vya plastiki na ile pikapu kwa mkutano wa hadhara. Mkutano wa nani mnajua. Aliazima watu wote viti vile, hata wa upande wa pili walishavikalia, na harusi, na misiba. Muda wa leseni ulipoisha akapeleka maombi kama kawaida, na ada akalipa. Akaambiwa njoo kesho. Kesho akaambiwa mhusika yuko semina. Wiki iliyofuata faili halionekani. Mwezi wa pili karani mmoja, mtu mwema tu, akamvuta pembeni: “Mzee, faili lako liko juu ya meza. Limekaliwa.”

Hakuna barua aliyoandikiwa. Wala hakuna aliyemwambia umenyimwa. Tukaendelea kufunga stoo kila asubuhi badala ya kufungua, maana kuuza bila leseni ni kesi. Mwezi wa nne Mjomba akauza pikapu. Mwezi wa saba ndipo jirani alipompeleka kwa wakili. Wakili akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: “Hii ni tangu lini?” Mjomba akataja tarehe. Wakili akafunga daftari.

Nitarudi kwenye swali hilo la wakili. Kwanza niwapeleke mbali kidogo, maana jambo hili tusidhani limezaliwa kwetu.

Twendeni Kanada, mji wa Montreal, katika jimbo la Quebec, mwaka 1946. Kulikuwa na mtu anaitwa Frank Roncarelli. Alikuwa na mgahawa wa maana mtaa wa Crescent, na leseni ya kuuza vinywaji ilikuwa katika familia yake kwa miaka 34, tangu kwa baba yake. Kule pombe ilikuwa mkononi mwa tume ya serikali. Tume ndiyo iliyouza pombe, tume hiyo hiyo ndiyo iliyotoa leseni. Ukigombana nayo huna duka jingine la kukimbilia.

Roncarelli alikuwa Shahidi wa Yehova. Mashahidi wenzake walikuwa wakikamatwa kwa mamia kwa kugawa vijitabu mitaani bila kibali. Yeye, kwa kuwa alikuwa na uwezo, akawa anawawekea dhamana. Aliwadhamini watu kama 380. Sheria iliruhusu. Hakuvunja kifungu chochote, hakuchelewa kodi, mgahawa ulikuwa safi.

Waziri mkuu wa jimbo alikuwa Maurice Duplessis, ambaye alikuwa pia mwanasheria mkuu wa jimbo hilo hilo. Kigogo kweli kweli. Akawasiliana na mkuu wa tume ya pombe. Tarehe 4 Desemba 1946, saa za chakula cha mchana, watu wamekaa na sahani zao, askari wakaingia mgahawani na kubeba pombe yote. Leseni imefutwa. Na Duplessis hakujificha: aliwatangazia waandishi wa habari kwamba yeye ndiye aliyeamuru, na kwamba Roncarelli hatapata leseni tena maisha. Mgahawa bila mvinyo katika mtaa ule haukudumu. Baada ya miezi michache ukafungwa.

Angalieni tofauti na Mjomba wangu, jamani. Duplessis alikuwa na kiburi akasema hadharani. Kiburi kile ndicho kilichomponza, kwa sababu kilimpa Roncarelli ushahidi. Wakubwa wa siku hizi wamejifunza. Hawasemi neno. Wanakalia faili.

Roncarelli akamshitaki Duplessis mwenyewe, mtu na jina lake, hakuishitaki serikali kwa ujumla wake. Mawakili wake walikuwa wawili, A. L. Stein na profesa mmoja wa sheria, F. R. Scott, ambaye pia alikuwa mshairi. Mwaka 1951 mahakama ya kwanza ikampa ushindi na fidia ya dola 8,123.53. Senti zote hizo zimo kwenye hukumu. Duplessis akakata rufaa, na rufaa ya jimbo ikampa ushindi yeye. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Kanada, ile ya juu kabisa, na tarehe 27 Januari 1959 majaji sita dhidi ya watatu wakamrudishia Roncarelli ushindi wake na kumuongezea dola 25,000. Jumla 33,123.53.

Hesabuni miaka. Kutoka 1946 hadi 1959. Mgahawa haukurudi. Lakini maneno ya Jaji Ivan Rand katika hukumu ile yanasomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo, na mimi nayaeleza kwa Kiswahili changu cha kijiweni: hata kama sheria imempa ofisa uhuru wa kuamua atakavyo, uhuru huo una mipaka, na mpaka wake ni lile kusudi ambalo sheria ilitungiwa. Sheria ya pombe ilitungwa kwa ajili ya pombe. Huwezi kuitumia kumchapa mtu kwa sababu ya dini yake au kwa sababu amewadhamini watu usiowapenda.

(Hapo kijana mmoja aliuliza: “Sasa kama ni hivyo, si bora serikali ijitoe kabisa, biashara iachiwe watu binafsi?”)

Swali zuri, na nilikuwa nalisubiri. Sasa twende India, Delhi, tuone kilichotokea serikali ilipojitoa. Na hapa naomba wanachama msinizomee, kwa sababu waliokuwa madarakani Delhi hawakuwa chama kinachotawala nchi. Walikuwa wapinzani kama sisi. Chama chao kinaitwa Aam Aadmi, maana yake Mtu wa Kawaida, na alama yao ni ufagio. Walikuja kufagia rushwa.

Tarehe 17 Novemba 2021 serikali ya Delhi ilianza kutumia sera mpya ya pombe. Serikali iliacha kuuza rejareja. Mji uligawanywa kanda 32, maduka 849, yote ya watu binafsi, kwa mnada. Siku za mwaka ambazo kuuza pombe ni marufuku zilipunguzwa kutoka 21 hadi 3. Wenye maduka wakaanza kushindana, na ushindani ulikuwa mkali: nunua moja, chukua moja bure. Naona watu wameanza kutabasamu pale nyuma. Foleni zilikuwa ndefu mpaka serikali yenyewe ikaingilia kati kuzuia mapunguzo.

Lakini kelele za rejareja zisiwapumbaze. Pesa ilikuwa nyuma, kwenye jumla. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoielewa hata stoo ya Mjomba.

Delhi leseni ya jumla inaitwa L1. Zamani mwenye kiwanda aliweza kuichukua mwenyewe. Sera mpya ikasema hapana: mzalishaji awe mbali, muuza jumla awe mbali, muuza rejareja awe mbali. Kila chupa lazima ipite katikati. Ada ya leseni ya L1 ikawa rupia crore 5, yaani milioni 50, kwa hiyo mtu wa pikapu moja kashatoka hapo. Na faida ya muuza jumla ikawekwa na serikali yenyewe: asilimia 12, badala ya 5 ya zamani.

Fikirini kama watu waliowahi kubeba kreti. Mjomba faida yake ilitegemea jasho: akichelewa, baa inachukua kwa mwingine. Mwenye L1 faida yake imeandikwa kwenye karatasi ya serikali. Chupa ikitoka kiwandani haina njia nyingine, kama lori kwenye mizani. Yeye anakaa getini anahesabu. Kila rupia 100, 12 zake. Sasa mtu anayekupa geti kama hilo, na wewe unayepewa, mna mengi ya kuzungumza gizani. Simaanishi kwamba lazima mzungumze. Nasema mlango uko wazi.

Na kulikuwa na ushauri mwingine mezani. Kamati ya wataalamu chini ya Ravi Dhawan ilikuwa imependekeza jumla yote ishikwe na shirika la serikali, kama wanavyofanya jimbo la Karnataka. Serikali ya Delhi ikachagua watu binafsi. Utetezi wao ulikuwa kwamba ada imepanda sana, na kwamba muuza jumla atabeba gharama za maghala na za kupima ubora, kwa hiyo asilimia ile ni halali yake.

Julai 2022 Luteni Gavana, ambaye anateuliwa na serikali kuu, alipendekeza CBI wachunguze. Sera ikafutwa, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2022 ule utaratibu wa zamani ukarudi. Wapelelezi wakadai kwamba ile 12 ilipangwa hivyo ili nusu yake, asilimia 6, irudi mlango wa nyuma, na kwamba kikundi cha wafanyabiashara wa kusini mwa India kilitoa rupia crore 100, yaani bilioni moja, kabla ya mambo kuanza. Washitakiwa walikana yote, wakasema hizo ni siasa za chama tawala kutaka kuwamaliza.

Tarehe 26 Februari 2023 alikamatwa Manish Sisodia, naibu waziri mkuu wa Delhi aliyesimamia pia ushuru wa pombe. Tarehe 21 Machi 2024 alikamatwa mwenyewe, Arvind Kejriwal, waziri mkuu akiwa bado kitini, uchaguzi wa nchi nzima ukiwa mlangoni. Sisodia alikaa ndani miezi 17. Mashahidi waliotajwa walikuwa zaidi ya 400, nyaraka maelfu kwa maelfu, na kesi ilikuwa haijaanza kusikilizwa. Agosti 9, 2024 Mahakama ya Juu ikampa dhamana, ikisema mtu hawezi kuozeshwa mahabusu akisubiri kesi isiyoonekana mwisho. Kejriwal alipata dhamana ya kumtoa kabisa tarehe 13 Septemba mwaka huo huo. Februari 2025 chama cha ufagio kikashindwa uchaguzi wa Delhi, viti 22 dhidi ya 48 vya BJP. Mwezi huo huo ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu ikawekwa mezani bungeni kwao, ikisema sera ile iliipotezea serikali zaidi ya rupia bilioni 20.

Mimi sikuja hapa kumhukumu mtu wa Delhi. Nimewaeleza kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaipenda: dola ikitaka kumshika mpinzani, leseni ya pombe ni ndoano nzuri, kwa sababu hakuna mtu wa heshima atakayeandamana kutetea pombe. Ya pili hamtaipenda. Hata wenye ufagio, walipokaa kwenye kiti, walichora geti na kuamua nani akae getini. Siku tukishinda sisi, ile kalamu itakuwa mkononi mwa mtu aliyeko ndani ya chumba hiki. Nimeona baadhi yenu mnavyogombea fulana za kampeni. Naogopa.

(Kicheko.)

Turudi kwenye swali la kijana. Serikali ijitoe? Hapana, ndugu yangu. Pombe si maandazi. Mahakama ya Juu ya India mwaka 1994, katika kesi ya Khoday Distilleries, ilisema wazi kwamba hakuna raia mwenye haki ya msingi ya kufanya biashara ya pombe, serikali inaweza hata kuipiga marufuku. Nami nakubali, nimewazika marafiki wawili kwa gongo. Ila majaji wale wale waliongeza: serikali ikishaamua kuruhusu, haiwezi kubagua kati ya wenye sifa zinazolingana. Yaani usiniambie leseni ni hisani yako. Masharti yaweke magumu utakavyo, lakini nikiyatimiza kama yule, nipe kama yule. Ukininyima, niambie kwa nini, kwa maandishi.

Sasa kwetu. Mtu atasema hayo ya Kanada na India ni ya Wazungu na Wahindi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inasema haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, ana haki ya kusikilizwa kikamilifu, na ana haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Chombo kingine chochote. Hata kikao cha leseni kinachokaa Alhamisi kikinywa soda.

Wazee hapa watakumbuka, zamani ukitaka kuishitaki serikali ulihitaji kwanza idhini ya serikali yenyewe. Unamuomba simba kibali cha kumlalamikia simba. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ilisema sharti hilo ni kinyume cha Katiba, likafa. Waliofungua kesi ile walitutoa mbali, na wengi wetu hatujui hata majina yao.

Lakini haki hiyo ina saa yake, na hapa ndipo swali la wakili linapoingia. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa ofisi ya serikali, iufute au iilazimishe ofisi itimize wajibu wake, unatakiwa kwanza kuomba ruhusa ya mahakama, na maombi hayo yana kikomo cha miezi sita tangu uamuzi. Ukitaka kudai fidia kwa kesi ya kawaida dhidi ya serikali, unatoa kwanza notisi ya siku 90. Na kama sheria ya leseni yenyewe ina ngazi ya rufaa, unapanda ngazi hiyo kwanza, mahakama haipendi uruke.

Mjomba alifika mwezi wa saba. Hakuwa na barua ya kukataliwa, kwa hiyo hakuwa hata na kitu cha kupeleka mahakamani. Hakuwa na nakala ya maombi yenye muhuri wa kupokelewa. Alikuwa na risiti ya ada tu, na maneno ya karani ambaye ana watoto na hawezi kuja kutoa ushahidi. Miezi yote ile alikuwa akienda pale asubuhi, amevaa shati lake la Ijumaa, akikaa kwenye benchi, akiamini kwamba adabu yake itamsaidia. Kila “njoo kesho” ilikuwa inakata siku moja kwenye kalenda, na waliokuwa wakimwambia walijua kuhesabu.

Sasa hivi anauza mkaa. Wale wenzangu wawili, mmoja anaendesha bodaboda, mwingine sijui aliko. Ile fremu ina mtu mwingine na bia zimejaa. Leseni yake ilitoka haraka sana.

Kwa hiyo fanyeni hivi, iwe stoo, grosari, kibanda cha chipsi au leseni ya bodaboda. Maombi andika nakala mbili. Moja wabaki nayo, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hata kama karani atanuna. Wiki mbili zikipita kimya, andika barua ya kuuliza, nayo igongwe muhuri. Andika nyingine ukiomba sababu. Usimtukane mtu, usitaje chama, taja tarehe tu. Zihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, paa zetu zinavuja. Mwezi wa tatu ukifika hujajibiwa, acha benchi, tafuta wakili au kituo cha msaada wa sheria, na ukifika utaje tarehe kabla hajakuuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna kijana kaniambia nje kwamba ana leseni ya grosari iliyokwama tangu Ramadhani. Ndugu, usiondoke. Nenda nyumbani sasa hivi kalete karatasi zako, mimi nipo hapa chini ya mwembe mpaka magharibi, tuhesabu siku.